Sindano ya uti wa mgongo Nyanda za Juu Kusini: pesa yako inalipa kwa mguu, siyo kwa kiuno

Sindano ya steroidi kwenye uti wa mgongo inamfaa mgonjwa ambaye maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kalioni na kushuka hadi chini ya goti kwa sababu diski, ile takia laini ya kati ya pingili, imetokeza na kuusumbua mshipa wa fahamu. Huyo ailipie. Anayeumwa kiuno peke yake baada ya msimu wa kubeba lumbesa za viazi, mara nyingi atatoka na maumivu yale yale na risiti mkononi. Dawa hii inapunguza uvimbe kuzunguka mshipa tu, diski hairudishi mahali pake. Nafuu ikija, hukaa wiki kadhaa hadi miezi michache, na huo ndio muda wa kufanya mazoezi ya fiziotherapia ambayo maumivu yalikuwa yanayazuia.

Kabla ya kusafiri kutoka Tukuyu, Mbozi au Makambako kufuata huduma, piga simu uulize jambo moja: sindano inaongozwa na mashine? Inayotakiwa ni si-amu, eksirei yenye mkono uliopinda unaozunguka kitanda na kuonyesha picha papo hapo. Ukijibiwa kwamba daktari anapapasa mgongo tu na kuchoma, tafuta kwingine. Hata mikono yenye uzoefu hukosea nafasi ikifanya bila picha, na dawa ikimwagika kwenye msuli haiufikii mshipa. Ukipewa rufaa ya Dar es Salaam, kumbuka kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mwenye mguu unaowaka hakai kwenye basi saa zote hizo bila kusimama njiani. Beba filamu na CD ya MRI (picha ya ndani ya mgongo inayopigwa kwa sumaku) yenyewe, usibebe karatasi ya majibu peke yake, maana daktari anataka kuona kama upande unaobanwa kwenye picha ndio mguu unaouma.

Huduma nzuri utaijua kwa maswali unayoulizwa mapema. Kwetu huku maswali matatu hayarukwi.

La kwanza ni kifua kikuu. Ugonjwa huu hula pingili za mgongo pia, na steroidi inapunguza kinga ya mwili. Mgonjwa anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku, au mwenye nundu mpya mgongoni achunguzwe kwanza. Wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi waulizwe vilevile kuhusu homa, kwa sababu bruselosisi nayo hukaa kwenye pingili.

La pili ni dawa za VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi mengi nchini, kwa hiyo anayekuuliza hakuchimbi. Atazanaviri na lopinaviri hutolewa pamoja na ritonaviri, na ritonaviri huzuia ini kuvunja steroidi kama triamsinoloni na methilipredinisoloni. Sindano moja tu inaweza kukaa mwilini wiki nyingi, uso ukavimba, sukari ikapanda, na tezi zilizo juu ya figo zikaacha kufanya kazi yake. Anayetumia TLD, kidonge cha VVU chenye dolutegraviri, hana mgongano huo. Lakini taja dawa zako kwa majina, na daktari wa mgongo azungumze na kliniki yako ya CTC, unakochukulia dawa za VVU, kabla ya siku ya sindano. Kufichana hapa ni hatari kuliko sindano yenyewe.

La tatu ni sukari na dawa za kuzuia damu kuganda. Warfarini kwa kawaida husimamishwa takribani siku 5 kabla, klopidogreli siku 7, ila kwa ruhusa ya daktari aliyeziandika. Kuziacha kiholela kunaweza kuleta kiharusi. Mwenye kisukari ategemee sukari kupanda siku kadhaa baada ya sindano, pengine wiki nzima. Apime asubuhi na jioni.

Kazi yenyewe huchukua dakika 15 hadi 30. Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo ili kiuno kinyooke na nafasi kati ya pingili ifunguke. Ngozi inapakwa dawa ya kuua vijidudu, na inaachwa ikauke. Muuguzi anayeifuta haraka kabla haijakauka ameiharibu kazi. Ganzi ya lignokaini inachomwa kwenye ngozi, na hiyo ndiyo inayowaka kuliko yote. Kisha sindano nyembamba, ndefu kama sentimita 9, inapelekwa polepole huku daktari akitazama kioo. Inapofika anaingiza kwanza rangi inayoonekana kwenye eksirei, mililita 1 au 2, aone kama inatambaa kando ya mshipa au inakimbilia ndani ya mshipa wa damu. Ndipo steroidi inafuata, mara nyingi ikiwa imechanganywa na ganzi. Wengi siku hizi hutumia deksamethasoni wanapopita kwenye tundu la pembeni unakotokea mshipa wa fahamu, kwa kuwa haina chembe zinazoweza kuziba mshipa mdogo wa damu unaolisha uti.

Usilale usingizi. Mgandamizo unaofanana na maumivu yako ya kila siku ni kawaida dawa inapoingia, lakini shoti kali kama ya umeme mguuni uiseme hapo hapo, bila kujikaza kiume. Sindano itarudishwa nyuma kidogo.

Dai pia chupa ya dawa ifunguliwe mbele yako. Uchafu ndani ya dawa hii huua: mwaka 2012 Marekani, methilipredinisoloni iliyoingiwa na fangasi ilipokuwa inatengenezwa ilisababisha watu zaidi ya 700 kuugua, na zaidi ya 60 wakafa.

Baadaye unakaa chini ya uangalizi nusu saa hadi saa moja. Mguu unaweza kufa ganzi saa kadhaa, hivyo bodaboda hapana, na usiendeshe gari siku hiyo. Nyumbani hakuna kukandwa na maji ya moto wala kuchanjwa chale mahali pale. Kichwa kinachouma ukisimama na kutulia ukilala kinaashiria kwamba utando wa uti ulitobolewa, rudi ukaseme. Homa, shingo kukakamaa, mkojo kugoma, ganzi kati ya mapaja au miguu kuishiwa nguvu ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Andika maumivu kwa alama 0 hadi 10: kabla, saa chache baadaye, siku ya 3 na ya 14. Nafuu ikija saa za mwanzo ikapotea kabisa, ganzi ilifika panapouma ila steroidi haikusaidia. Isipokuja kabisa, huenda ni mshipa usio sahihi. Kwa hesabu hiyo, kuuziwa sindano tatu kwa mpigo kabla ya kuona ya kwanza imefanya nini ni jambo la kukataa. Ya pili ijadiliwe baada ya wiki 2 au zaidi, na kwa mwaka zisipite tatu au nne.

Bei iulizwe ikiwa imechambuliwa: kumwona daktari, chumba, dawa, rangi, vifaa. Mwenye bima aombe kibali mapema, maana kumaliziana dirishani huku umelala kitandani ni shida. Ukitoka, chukua karatasi yenye jina la dawa, miligramu, pingili iliyochomwa na upande wake.