Kanopi ya faibaglasi kwenye pikapu yangu: uzoefu wangu

Pikapu yangu ni dabo kabini, na kanopi (kifuniko kigumu cha bodi, yaani sehemu ya mizigo ya nyuma) niliitaka kwa kazi mbili: vifaa vya kazi visilowe, na mimi nipate pa kulala nikiwa safarini. Nilichukua ya faibaglasi, yenye kimo sawa na kabini. Za alumini ni nyepesi, na zikigongwa hubonyea badala ya kupasuka, ila zile nilizokagua zilikuwa na maungio mengi ya riveti, na maji hupenda sana kupenya hapo. Yangu inakaribia kilo 80, uzito ambao lazima uutoe kwenye mzigo ambao gari limeruhusiwa kubeba.

Ninachoipendea zaidi ni madirisha ya pembeni. Yanafunguka kwa kunyanyuka juu, kwa hiyo boksi la spana lililo mbele kabisa ya bodi nalifikia nikiwa nimesimama chini. Kama gari lako ni la kazi, usikubali ya kutelezesha.

Sasa vumbi, maana hapa ndipo kanopi nyingi zinapoangusha watu. Gari likiwa kwenye mwendo, kanieneo ya hewa nyuma yake hushuka, na vumbi huvutwa ndani kupitia nyufa za mlango wa bodi. Kanopi huja na mpira wake pale inapokalia ukingo, lakini mlango wa bodi, gari linapotoka kiwandani, mara nyingi hauna mpira wowote. Nilibandika mpira kuuzunguka wote, nikaongeza kipande kinene kwenye kona za chini, karibu na bawaba. Vumbi limepungua mno, ingawa kona ya kushoto bado inapitisha kidogo. Moshi wa ekzosi nao huvutwa vivyo hivyo, na moshi huo unaua. Kioo cha nyuma nakifunga kabla ya kuondoka, na hakuna mtu anayepanda huko nyuma.

Imefungwa kwa klempu bila kutoboa bodi. Baada ya barabara mbovu nati zililegea, nikazikaza upya, tangu hapo zimetulia.

Kwa wanaofikiria kuweka hema juu: uzito ambao paa hubeba gari likitembea ni mdogo kuliko gari likiwa limesimama. Mwambie muuzaji akuandikie viwango vyote viwili, na asipoweza, tafuta kanopi nyingine.