Retoti ya bomba ya Nzega: inafaa, ila kagua kifuniko na mkono kabla ya kulipa

Retoti ni chombo cha kuchomea amalgamu, yaani dhahabu iliyoshikana na zebaki, ili mvuke wa zebaki ukamatwe badala ya kwenda hewani. Inayopimwa hapa ni ile ya kuchomelea ya mafundi wa Nzega: kikombe cha bomba la chuma la inchi mbili kilichozibwa chini, kifuniko kinachokazwa kwa skrubu moja nene, na mkono wa bomba la nusu inchi unaotokea juu na kuteremkia kwenye kopo la maji. Haina saa, haina geji, haina cha kuharibika haraka. Kwa mwalo, yaani eneo la kuchenjulia dhahabu, wenye watu watano au sita wanaochoma kila siku, hakuna kifaa cha bei yake kinachoishinda. Lakini zinazotoka karakana moja hazifanani, na tofauti ya inayokamata zebaki na inayoivujisha ni milimita chache kwenye ukingo wa kifuniko.

Kanuni yake ni nyepesi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selisiasi, dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Ukipasha moto katikati ya hapo, zebaki inaondoka kama mvuke na dhahabu inabaki kikombeni. Anayechoma kwenye sepeto au kikaango anautuma mvuke huo wote puani kwake na kwa mama lishe aliye jirani. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, kwa hiyo asiseme mtu kwamba hapa hakuna kitu kwa sababu hasikii chochote.

Anza na kifuniko. Kiweke juu ya kikombe bila kukaza, ukisukume kwa kidole. Kikicheza, kirudishe kwa fundi akisage hadi kikae sawasawa. Kisha kaza, ziba tundu la mkono kwa kidole gumba, zamisha kikombe kwenye ndoo ya maji, legeza kidole na pulizia hewa kwa pampu ya baiskeli kupitia mkono huo. Mapovu yakitoka ukingoni, retoti hiyo haifai bado. Jaribio hili lifanywe na chombo kipya tu, kisichowahi kuingia zebaki, na kamwe usipulize kwa mdomo. Baada ya hapo kausha kabisa. Hata kifuniko kizuri kinahitaji kizibo kila unapochoma: udongo laini wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa, ukandwe uwe kama ugali mgumu, upakwe ukingoni kabla ya kukaza. Mpira usiweke, unaungua.

Mkono ndio unaopunjwa zaidi, maana fundi anabana bomba. Nyingi zina mkono wa sentimita 30. Hautoshi: mvuke unafika mwisho ungali wa moto, na sehemu yake inatoka kabla haijageuka matone. Dai sentimita 60, uteremke mfululizo bila kona ya kwenda juu, kwa sababu zebaki iliyopoa njiani itakaa kwenye bonde hilo na kuziba. Nusu ya mwisho ya mkono izungushiwe gunia lililolowa, na mtu awe analimwagia maji muda wote.

Jambo la pili la kukataa ni bomba jeupe la maji lililopakwa zinki. Zinki hutoa moshi wenye sumu yake ndani ya moto, na pia inashikana na zebaki. Kama hakuna bomba jingine, retoti tupu ichomwe kwanza mahali pa wazi, kifuniko kikiwa kimeondolewa, hadi weupe wote uishe. Shaba ni mbaya zaidi kwa mkono. Zebaki inaing'ang'ania, na kiasi kizuri cha ulichotaka kukirudisha kinabaki ukutani mwa bomba.

Sasa matumizi. Amalgamu ikamuliwe vizuri kwenye kitambaa kizito, kwa mikono yenye glavu, maana kila tone linalobaki ni muda zaidi motoni. Ifungwe kwenye kipande cha karatasi nyembamba kabla ya kuingizwa: karatasi inaungua na kuacha majivu yanayozuia dhahabu isigande kwenye chuma. Usijaze zaidi ya theluthi ya kikombe. Ncha ya mkono iwe juu kidogo ya maji ya kopo, isizame. Hapa ndipo ajali mbaya hutokea: moto ukipungua, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta, kama ncha imezama, maji yanapanda hadi kwenye chuma chekundu na kugeuka mvuke kwa mpigo mmoja. Kifuniko kinaweza kuruka. Funga kitambaa kilicholowa kuzunguka ncha na mdomo wa kopo, kinatosha.

Moto wa mkaa unaopulizwa unafaa, lakini uzunguke kikombe chote. Kikipata moto chini tu, kifuniko kinabaki baridi, zebaki inapoa pale juu na kudondoka tena kwenye dhahabu; unaweza kuchoma saa nzima bila kumaliza. Panga mkaa hadi usawa wa kifuniko. Matone yakianza kuanguka kopo linasikika. Yakikoma, ongeza moto hadi kitako kiwe chekundu hafifu, kaa dakika kumi zaidi, gonga mkono taratibu ili yaliyonata yateremke. Kisha acha ipoe kabisa, hadi uweze kuishika kwa mkono mtupu. Wanaofungua mapema kwa hamu ya kuona dhahabu wanapumua kile kile walichonunua retoti ili wasikipumue.

Lawama mbili za wachimbaji zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba dhahabu haionekani ikiiva, na mwenye mzigo anaogopa kuibiwa. Retoti ya kioo inaonyesha kila kitu, ni kweli, ila inapasuka ikipata moto usio sawa au maji baridi, na ikipasuka ikiwa imejaa hasara ni mara mbili. Dawa ya wasiwasi ni mizani. Tuseme amalgamu ni gramu 10. Ukitoa dhahabu ya gramu 5.1 na zebaki ya gramu 4.6 koponi, umepungukiwa gramu 0.3, na hizo ziko mkononi mwa bomba au zimeenda hewani. Andika hesabu hiyo kila mara. Upungufu ukianza kukua wiki hadi wiki, kifuniko kimechoka.

Lawama ya pili ni rangi: dhahabu inatoka ya kahawia na broka anaishusha bei. Mara nyingi ni uchafu wa chuma juu juu tu, nao unaondoka ikiyeyushwa kwa boraksi, unga wa kusafishia dhahabu motoni. Lakini wakati mwingine ni zebaki iliyobaki kwa sababu moto ulikuwa mdogo, na hiyo itatoka kwenye chumba cha mnunuzi. Gramu 0.1 tu ndani ya chumba cha mita nne kwa nne chenye kimo cha mita tatu, madirisha yakiwa yamefungwa, ni karibu mikrogramu 2,000 kwa kila mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 1, wastani wa mwaka. Kwa hiyo zile dakika kumi za mwisho zisipunguzwe.

Zebaki inayorudi mara nyingine imechoka, inakatikakatika na haishiki dhahabu. Usiitupe ukanunue nyingine. Iweke kwenye chombo cha plastiki, mimina maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita, gusisha waya wa hasi wa betri ya volti 12 kwenye zebaki na fimbo ya kaboni ya betri kavu upande wa chanya, juu ya zebaki bila kuigusa. Fanya nje penye upepo, kwa sababu gesi ya klorini inatoka. Dakika chache zinatosha kuirudisha kuwa donge moja. Itunzwe chini ya maji kwenye chupa nene yenye lebo, kamwe si chupa ya soda.

Kwa upande wa sheria, Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, ambao Tanzania imeuridhia, unataka kuondolewa kwa uchomaji wa amalgamu wa wazi na uchomaji kwenye makazi. Retoti inajibu la kwanza. La pili linabaki kwako, usiichomee uani. Retoti hairekebishi pia tabia ya kumwaga zebaki ndani ya karasha, mashine ya kusaga mawe, ambako sehemu kubwa inasagika na kwenda na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua. Marudio hayo yakiingia kwenye matangi ya sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, bila kutolewa zebaki kwanza, zebaki inayeyuka na kusafiri na maji. Mkataba umelitaja hilo nalo. Na anayeuza au kusafirisha zebaki anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003. Muombe cheti.

Anayetaka kujua kama retoti yake imemsaidia apime mkojo, si nywele. Nywele zinaonyesha zaidi zebaki ya samaki; mvuke unaonekana kwenye mkojo. Maabara huigeuza zebaki ya sampuli kuwa mvuke baridi na kusoma mwanga wa nanomita 253.7 unaomezwa. Omba majibu yaandikwe kwa gramu ya kreatinini, taka ya mwili inayotoka na mkojo, maana mkojo mzito na mwepesi haulinganishiki. Mikrogramu 20 na kuendelea ni ishara ya kuacha kuchoma na kumwona daktari. Sampuli ichukuliwe nyumbani asubuhi, baada ya kuoga na kubadili nguo, kwenye kichupa kipya cha maabara. Ikichukuliwa mwaloni, vumbi la vidoleni peke yake linaweza kuharibu jibu.