Vitabu vya ngazi au maandishi ya kila siku kwa watu wazima?

Kwa mtu mzima anayejifunza kusoma mi naanzia na vitabu vya ngazi, vile vilivyopangwa kutoka rahisi kwenda vigumu. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha wasomaji wengi wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili wanahitaji kujua kama maneno 98 kati ya 100 ndo waelewe hadithi bila msaada, sasa mpe anayeanza barua ya benki uone, anakwama mstari wa kwanza, kidole kimeganda kwenye neno moja, jasho linamtoka, wiki ijayo haji. Kitabu cha ngazi yake anakimaliza af anaomba kingine.

Ila vingi vimeandikwa kwa ajili ya watoto, na mtu ana wajukuu unampa hadithi ya sungura kweli? Hapo unamvunjia heshima kabisa. Tafuta vya kazi, afya, malezi.

Maandishi ya kila siku nayo yana nguvu yake, mtu anayahitaji leo leo. Akisoma mwenyewe kwenye pakiti ya dawa "kidonge kimoja mara mbili kwa siku" anairudia kwa sauti, uso umebadilika. Mi nayatumia mistari miwili mitatu tu, mwisho wa kipindi.