Mdoli wa Madame Alexander niliyemtoa Mlango Mmoja: uzoefu wangu baada ya miaka miwili

Nilimkuta kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, hapa Mwanza, chini ya rundo la sweta za watoto. Mdoli wa sentimita 20 hivi, gauni limefubaa, kiatu kimoja hakipo, mkono wa kushoto unaning'inia. Mama muuzaji alitaka elfu nne, tukamalizana kwa tatu na mia tano. "Mshike kwanza, dada," aliniambia, "huyo ana uzito wake." Kweli alikuwa nao. Plastiki yake ni ngumu, ukimgonga kwa kucha analia kama kikombe.

Nyumbani nikakuta lebo ndogo imeshonwa ndani ya gauni: Madame Alexander, New York. Mgongoni kuna herufi ALEX. Usiku huo sikulala mapema, nilikuwa nasoma habari zake kwenye simu.

Madame Alexander mwenyewe aliitwa Beatrice Alexander, alizaliwa 1895. Baba aliyemlea, Maurice, alikuwa mhamiaji wa Kiyahudi mwenye hospitali ya midoli jijini New York, yaani karakana ya kuwatengeneza waliovunjika. Midoli mizuri ya wakati huo ilitoka Ujerumani, na vichwa vyake vilikuwa vya kauri. Mtoto akiangusha, kichwa vipande. Beatrice alikua akiwaona watoto wanaleta vipande hivyo kwa machozi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, bidhaa za Ujerumani zikakatika, na familia ikabaki bila mali ya kuuza. Wakashona midoli ya kitambaa, iliyovaa kama wauguzi wa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1923 Beatrice akaanzisha kampuni yake ya midoli.

Baadaye walipata kibali cha kutengeneza midoli ya wale pacha watano wasichana waliozaliwa Kanada 1934, ikauzika sana. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, walitengeneza wanasesere 36 wa sherehe nzima. Mwaka 1955 wakamtoa Cissy, mdoli mwenye umbo la mwanamke mtu mzima, miaka minne kabla ya Barbie. Wengi hawalijui hilo, nami nadhani Beatrice anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Aliiuza kampuni 1988 na kufariki 1990.

Wangu ni wa ile jamii ya inchi 8 iliyoanza 1953. Magoti yake yanakunjika, na magoti ya namna hiyo yalitengenezwa kuanzia 1956 hadi 1972. Kwa hiyo amenizidi umri, nami nimezaliwa 1981.

Sasa kuhusu ubora. Ndani ya kiwiliwili hana kitu kigeni: ni mpira tu unaovuta viungo, umeshikwa kwa ndoano. Mpira ukizeeka, viungo vinalegea, na ndilo lililokuwa limempata. Nilimpeleka kwa fundi baiskeli jirani yangu Kirumba. Alimgeuza, akachungulia kwenye tundu la bega, akakata utepe mwembamba wa tyubu, ule ule tuliokuwa tunafungia manati. Kwa waya uliopindwa akauvuta ndani, akaufunga. Dakika ishirini, shilingi elfu moja. Mpaka leo mkono umekaza. Mdoli wa dukani niliyemnunulia mwanangu kabla ya huyu alikuwa na mikono ya kubandikwa kwa gundi, ulipong'oka ukawa mwisho wake. Huyu ametoka katika ukoo wa mafundi, na unaliona hilo ukimfungua.

Gauni limeshonwa kwa uangalifu ambao hata nguo zetu wenyewe siku hizi hazipati, mshono ni mdogo mdogo na upindo umekunjwa vizuri. Nywele zinavumilia kuchanwa taratibu, ukianzia nchani.

Tahadhari yangu kubwa ni maji. Macho yake hufumba akilazwa, na ndani yake kuna chuma kidogo. Mwanangu alitaka kumwogesha kwenye beseni, nikamwahi mlangoni. Maji yakiingia machoni, kutu inafuata, na kwetu huku unyevu wa ziwa peke yake unatosha. Namfuta kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana, na namweka juu ya kabati, mbali na dirisha la upande wa ziwa.

Ukitaka kumuuza, ujue wakusanyaji wanaulizia nguo za asili, lebo na sanduku lake. Wangu hana sanduku. Kiatu nilikiagiza kupitia kijana mmoja wa mjini, kikaja cha mdoli mkubwa mara mbili, na hela haikurudi.

Utotoni mimi na dada zangu Ukerewe tulibeba magunzi ya mahindi kama midoli, nywele zake tukizisuka kwa nyuzi za mgomba. Mama alipokuja kututembelea nilimpa huyu amshike. Alimlaza, akamwinua, akamlaza tena, akitazama macho. Kisha akaomba sindano na kipande cha ngozi ya mkoba wangu wa zamani. Kiatu cha pili alikishona yeye, jioni hiyo hiyo.