Msimu mzima na chambo cha Huddleston cha inchi 8: uzoefu wangu kwenye maziwa ya San Diego

Nimekulia Mwanza, kwa hiyo samaki kummeza samaki mwenzake si jambo geni kwangu. Pale mwaloni Kirumba nimeona sangara akipasuliwa, sato mzima akatoka tumboni. Cha kushangaza, nilipohamia San Diego, California, na kuanza kuvua besi (bass), samaki wa maji baridi anayemeza samaki wenzake, nilisahau kabisa somo hilo. Miaka miwili nilirusha vyambo vya mpira vya urefu wa kidole na kupata besi wa ratili moja, mbili, huku nikisikia kila siku kwamba humu majini kuna wakubwa wa ajabu.

Na kweli wamo. Besi wa asili ya Florida waliletwa hapa mwaka 1959, wakapandikizwa kwenye bwawa la Upper Otay, na kutoka hapo wakasambazwa kwenye mabwawa mengine. Mwaka 1973 Lake Miramar ilitoa besi wa ratili 20 na aunsi 15. Mwaka 2003, Dixon Lake kule Escondido ikatoa wa ratili 21 na aunsi 11. Siri kubwa ya unene huo ni trauti (trout), samaki mwingine wa maji baridi. Kila msimu wa baridi malori huja kumwaga trauti kwa ajili ya wavuvi, na besi wakubwa nao hujipakulia. Samaki aliyezoea kumeza trauti wa shibri moja hana haja ya kuhangaika na kidudu cha kidole.

Ndiyo maana nikaingia kwenye swimbeiti, yaani chambo bandia kikubwa chenye umbo na mwogeleo wa samaki. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa kigumu, cha viungo viungo, kizuri kukitazama. Nilikifunga kwenye fimbo yangu ya kawaida ya futi 7 na mshipi wenye kuhimili uzito wa ratili 12. Mrusho wa tatu mshipi ulijikwama kwenye rili (gurudumu la kuzungushia mshipi), ukakatika, na chambo kikaruka peke yake hadi katikati ya ziwa. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimejinyima wiki mbili kukinunua.

Mara ya pili nilianza na vifaa. Fimbo ya futi 8, nzito, rili pana, mshipi wa nailoni wa ratili 25. Kisha nikanunua Huddleston Deluxe ya inchi 8, rangi ya trauti, kwa karibu dola 30. Ni mpira laini, mzito, na mkia wake mnene una umbo la kabari. Ukikivuta pole pole mno, mkia bado unapepea, na mwili unayumba kidogo kama samaki anayejiendea zake. Kwa hilo tu nakisifu: sijawahi kushika chambo kingine kinachoogelea vizuri hivyo kwa mwendo mdogo vile.

Lakini usikimbilie rangi dukani. Angalia kwanza herufi ROF na namba iliyo mbele yake. Namba hiyo ni kasi ya kuzama: ROF 5 huzama futi 5 kwa sekunde 10, ROF 12 huzama futi 12 kwa muda huohuo. Mimi navua nikiwa ukingoni, penye mteremko unaofika futi 25 hivi, nikachukua 12. Narusha, nahesabu hadi 20, naona mshipi umelegea, najua kimefika chini. Kwenye maji ya futi 8 yenye majani chambo hichohicho kingekuwa kero, kingenasa kila mrusho. Hapo chukua 5. Ukikosea namba hii, hata rangi iwe nzuri vipi, utakuwa unavua pasipo samaki.

Wiki sita sikupata hata mguso. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Uvira ninayekutana naye pale Dixon, ambaye samaki wetu sangara yeye humwita sangala. Alinitazama kitambo, akasema, "Mdogo wangu, unamkimbiza. Mwache atambae." Nikapunguza mwendo mpaka nikaona kama nimesimama: mzunguko mmoja wa rili, nasikilizia uzito, mzunguko mwingine, chambo kikipanda mteremko kikigusa mawe.

Ilikuwa Januari, siku tatu baada ya lori la trauti, ukungu umelala juu ya maji. Nilitegemea kishindo. Nilichosikia ni "tik" moja, kama mtu amegusa fimbo kwa ukucha, kisha uzito ukapotea. Nikazungusha rili kwa nguvu na kuivuta fimbo pembeni, ikapinda hadi kwenye mpini. Alipofika juu alifungua mdomo ambao ngumi yangu ingeingia yote. Ratili 9 na aunsi 4. Mzee alimshikilia kwenye wavu mimi nikimchomoa ndoano, tukamrudisha majini. Nimelelewa kwamba samaki ni kitoweo, lakini besi wa ukubwa ule ni jike la miaka mingi, na mimi namtaka awepo ziwani.

Tangu hapo hadi Aprili nimepata wengine wanne tu, mdogo wao ratili 5. Anayetaka samaki wengi kwa siku asinunue chambo hiki.

Utunzaji wake una masharti. Kihifadhi kwenye ganda lake la plastiki, kimenyooka, maana mkia ukipinda mwogeleo unaharibika. Ukishapinda, uchovye kwenye maji ya moto kisha uunyooshe. Usikichanganye na vyambo vya mpira wa aina nyingine, huweza kuyeyushana. Changu kina alama za meno ubavuni na mpasuko mmoja mgongoni, karibu na ndoano, nilioubana kwa gundi. Bado kinaogelea sawasawa, na Novemba lori likirudi ndicho nitakachofunga kwanza.