Kaktasi ya Krismasi kutoka kitalu cha Ngong Road

Nimekaa nayo miezi 14. Niliinunua kwenye kitalu kimoja kando ya Ngong Road, Nairobi, kwa shilingi 600, ikiwa na matawi manne tu mabapa. Kijana aliyeniuzia alinionya: "Mama, hii usiiweke juani, si ya jangwani." Alisema kweli. Asili yake ni misitu ya milimani kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya miti.

Lawama yangu ni udongo. Ilikuja na udongo mwekundu mtupu, maji yakawa yanatuama, matawi yakalegea kama mboga iliyonyauka. Niliing'oa, nikakata mizizi iliyooza, nikaipanda upya kwenye mboji, mchanga wa mtoni na vipande vya makaa. Sasa namwagilia tu nikichovya kidole na kukuta juu pamekauka.

Lakini maua yake, jamani! Baridi ya Juni ilipoingia niliihamishia dirishani kwenye chumba cha wageni, ambako taa haiwashwi usiku, maana giza refu na ubaridi ndivyo huiamsha. Baada ya wiki sita vikatokea vitumba. Nilizungusha chungu mara moja tu, vitatu vikadondoka. Tangu hapo sikukigusa. Yalichanua maua 11, waridi iliyokolea, yakiinama kama taa ndogo.

Ningeinunua tena bila kusita, ila udongo ningeubadilisha siku hiyo hiyo. Tayari nimekata vipande viwili vya kumpelekea dada yangu Nakuru.