Programu ipi ununue kuhesabu idadi na asilimia za dodoso?

Umerudi kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na madodoso 200 ya wachuuzi wa samaki, na unachotaka kujua ni wangapi wanauza zaidi sangara, sato au dagaa. Usikimbilie kulipia leseni. Kuhesabu, kila programu inaweza. Tofauti iko kwa wasiojibu, na hapo ndipo ripoti nyingi huharibika.

Tuseme sangara ni 90, sato 60, dagaa 30, na 20 hawakujibu. Ukigawa kwa 200, sangara ni asilimia 45. Ukigawa kwa 180 waliojibu, ni asilimia 50. Zote ni sahihi, ila lazima uandike umegawa kwa ngapi.

1. jamovi. Ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaisakinisha, na inafungua mafaili ya programu za SPSS na Stata, pamoja na CSV (jedwali la maandishi matupu). Kwa mwanafunzi wa chuo kama SAUT au Bugando, anzia hapa. Fungua "Descriptives", weka tiki kwenye "Frequency tables". Idadi ya wasiojibu iko jedwali la juu, mstari wa "Missing", usiuruke.

2. R. Hapa unaandika amri badala ya kubofya. Nayo ni ya bure, na ndiyo bora kama utarudia kazi hiyohiyo kila msimu. Tuseme umehoji kwenye mialo kadhaa, yaani mahali samaki wanaposhushwa, kama Kirumba na Igombe. `t <- table(mwalo, samaki)` hutoa idadi. `prop.table(t, 1)` hugawa kwa jumla ya kila mwalo: kati ya wachuuzi wa Igombe, wangapi wanauza dagaa? Ukiweka 2, swali linageuka: kati ya wauza dagaa, wangapi wako Igombe? Usipoweka namba, kila kisanduku kinagawiwa kwa jedwali zima. Zidisha kwa 100 upate asilimia.

Mtego wake: `table` huwaacha wasiojibu kimyakimya, hivyo ongeza `useNA = "ifany"`. Nayo `read.csv` husoma nafasi tupu za maandishi kama kundi lisilo na jina, weka `na.strings = ""`.

3. SPSS. Ya kulipia. Uzuri wake ni kwamba "Percent" na "Valid Percent" zinakaa bega kwa bega, yaani ile 45 na ile 50. Lakini PSPP, programu inayofanana nayo, inatoa safu hizohizo bure, basi ijaribu kwanza. Nakala zilizochakachuliwa ziache, zinaweza kuja na virusi.

Stata tungeilipia kwa tafiti za kaya zenye uzani wa sampuli tu. Kwa hesabu hii ni kupoteza pesa.

4. Excel. Kama tayari unayo, PivotTable inatosha. Buruta samaki kwenye "Rows". Kwenye "Values" usiburute samaki tena, maana nafasi tupu hazitahesabiwa. Buruta namba ya dodoso, kisha badilisha "Sum" iwe "Count".

Programu yoyote utakayochagua, safisha maandishi kwanza. R huona "Sangara" na "sangara" kuwa makundi mawili. Excel haijali herufi kubwa, lakini nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa neno inatosha kuigawa sangara mara mbili. Iondoe kwa `TRIM`, na kwenye R tumia `trimws` pamoja na `tolower`.